Wamalwa na Kikombe cha Kushoto

Kama hujawahi kuona mtu mzima akicheka stori ambayo hajaisikia, basi hujakutana na Wamalwa. Huyu jamaa kicheko chake kimekaa standby kama jenereta ya hoteli. Unafunga mdomo tu, yeye anawaka: "Hahaa, wewe ni mbaya!" halafu anakupiga bega. Shida ni kwamba hachunguzi ulikuwa unasema nini. Jamleck wa kantini alimwambia siku moja kwamba shangazi yake wa Subukia amefariki, na Wamalwa akacheka mpaka akashika mbavu. Jamleck alimnyima chai wiki mbili. Haki yake.

Ana miaka arobaini na sita. Amezaliwa Nakuru, amekulia Nakuru. Babu yake ndiye alitoka Bungoma akifuata kazi ya reli, reli ikaendelea na safari ikamwacha hapa. Wamalwa hakufuata reli. Alifuata bunduki. Tulia, si kwa ubaya. Ni range officer wa klabu moja ya shabaha inaitwa Kilima Mbuni, ukipita Rongai kidogo, pale mashamba ya mahindi yanaanza kupanda mlima. Watu wenye leseni zao wanakuja kupiga target za karatasi, wengine wakiwa na vitambi vinavyofika kwa target kabla ya risasi. Kazi ya Wamalwa ni kusimama nyuma yao na kofia nyekundu na filimbi, kuhakikisha hakuna mtu anatoboa mwenzake. Yeye ndiye anasema "Load." Yeye ndiye anasema "Fire." Na mtu yeyote kwa laini, hata kama ni mara yake ya kwanza, akiona kitu haiko sawa anaita kwa sauti, Wamalwa anapuliza filimbi, kila bunduki inawekwa chini. Miaka kumi na tatu amefanya hivyo. Hajapoteza mtu. Hajapoteza hata kidole cha mtu.

Alichopoteza ni sikio lake la kushoto, na la kulia limeanza kuaga.

Ilikuja hivi. Earmuff za zamani za Kilima Mbuni ni zile za plastiki za kawaida, zinaziba kila kitu: mlio wa bunduki, sauti ya mtu, hata mawazo yako mwenyewe. Sasa range officer atasikiaje mtu akiita? Wakongwe wakabuni dawa. Unavaa earmuff, lakini kile kikombe cha kushoto unakivuta nyuma ya sikio, kinakaa kwa mfupa. Waliita hiyo kuacha dirisha. Na usidhani ilikuwa siri ya aibu. Ilikuwa swag. Ukiona mtu amefunika masikio yote mawili, ni mgeni. Ukiona mtu ameacha dirisha, huyo ni wa kazi. Wamalwa aliacha dirisha miaka kumi na tatu, chini ya paa la mabati ambalo linachukua mlio mmoja na kukurudishia mitatu.

Mwaka wa tatu nyenje waliingia. Unawajua nyenje, wale wa kulia mchana jua likiwa kali, mlio mmoja hauna mwisho. Walianza kulia ndani ya kichwa chake na hawajawahi kunyamaza. Alimuuliza mkubwa wake wa wakati huo, Kamande, kama hiyo ni kawaida. Kamande akamwambia, "Utazoea." Baadaye sauti za wanawake zikaanza kuisha kama maji ya mfereji, kisha za watoto, kisha herufi moja moja. Siku hizi hata filimbi yake mwenyewe hasikii vizuri. Anajua imelia kwa sababu inamtekenya meno.

Hakuna mtu alijua. Ama ndivyo alivyojiambia. Alikuwa na mbinu zake: kukaa watu wakiwa upande wa kulia, kuangalia midomo, kucheka mapema. Na kwa dharura, silaha yake kubwa ilikuwa maneno mawili: "Sawa kabisa." Ukimwomba ruhusa, sawa kabisa. Ukimtukana, sawa kabisa. Dada ya mke wake alihamia kwao na kitanda na makochi kwa sababu ya sawa kabisa.

Neno ambalo hakuwahi kulisema hata mara moja ni "Umesema?" Aliona lilichomfanyia Kamande. Kamande aliuliza "Umesema?" mara mbili asubuhi moja mbele ya wanachama, na kufikia Ijumaa kofia nyekundu ilikuwa kwa kichwa kingine. Kichwa chenyewe kilikuwa cha Wamalwa.

Sasa Jumatatu moja, Madam Cherop, meneja wa klabu, aliwaita ofisini yeye na Kimutai. Kimutai ndiye range officer mdogo, ana miaka ishirini na saba, mtoto wa wakulima wa viazi wa Keringet, mwembamba kama fimbo ya target na mdomo hauna likizo.

"Wiki ijayo tunapata rangers ishirini wa conservancy ya wanyamapori," Cherop alisema. "Wiki mbili za training. Na wakubwa wao wamesema hakuna mtu atapiga risasi na hizo earmuff zetu za mawe. Wanataka za electronic. Zile ziko na maiki nje, sauti ya mtu inaingia, mlio wa bunduki unakatwa."

"Finally!" Kimutai akapiga makofi. "Madam, hizo za sasa hata kuku hawezi atamia."

"Hafiz wa town ana sample tatu. Wamalwa, wewe ndio mkongwe hapa. Pima zote, chagua moja. Ijumaa asubuhi unipe jibu, niagize ishirini na mbili. Rangers na nyinyi wawili."

"Sawa kabisa," Wamalwa akasema. Na hii, kwa bahati, alikuwa ameisikia.

Duka la Hafiz liko karibu na soko, limejaa gumboot, helmet, glavu na miwani za watu wa welding. Wazee wake walitoka Coast kitambo, wakati uleule babu yake Wamalwa alikuwa anabeba mataruma ya reli, kwa hivyo hawa wawili hutaniana kama watu wa kabila moja linaloitwa Nakuru.

"Wamalwa! Bado hawajakufukuza huko?"

"Wakinifukuza nitakuja kuuza gumboot hapa."

"Wewe? Mteja akitaka size kumi utampea size sita na umwambie avute pumzi."

Wamalwa akacheka. Hii alikuwa ameisoma kwa midomo, karibu yote.

Hafiz alipanga headset tatu kwa kaunta: moja brown, moja ya kijani, moja nyeusi. Na Hafiz ni muuzaji wa ajabu, anakuambia ukweli hata kama hujauliza. Alimsogelea upande wa kulia, mzee wa watu, akaanza somo.

"Kwanza angalia hii namba kwa boksi. Hii ndiyo inasema kelele itazuiwa kiasi gani. Ikiwa kubwa, sikio limelindwa zaidi. Hayo mengine, sijui tactical, sijui rangi za jeshi, hiyo ni makeup. Hii brown ni ishirini na saba, inazuia kushinda zote. Lakini ona vikombe, kama bakuli za uji. Mtu akilaza shavu kwa kitako cha bunduki ndefu, kitako kinasukuma kikombe, kelele inapitia hapo chini. Hiyo ni ya watu wa bastola. Ya kijani ni ishirini na nne. Kikombe kimekatwa chini, bunduki inakaa vizuri, na huu mto laini unashika hata mtu akivaa miwani. Sauti ya mtu inaiinua kidogo, ya kutosha."

"Na nyeusi?"

"Nyeusi ni kumi na nane." Hafiz alikunja mdomo. "Volume yake ni baba yao. Unasikia sisimizi akibadilisha mawazo. Lakini kuzuia, hapana. Hiyo ni ya mtu wa kuwinda ndege, risasi mbili kwa siku, uwanja wazi. Nyinyi mnapiga mia tano chini ya mabati. Hata hiyo kijani, mkiwa chini ya mabati, vaeni vile vidude vya sponji ndani ya sikio, halafu headset juu."

Wamalwa aliivaa nyeusi na kuzungusha kaswichi mpaka mwisho.

Duka likafunguka. Sijui niseme vipi. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga tik, tik, tik. Kumbe hiyo saa hupiga? Feni ilikuwa inakwaruza. Mtu alikuwa anakunja karatasi mahali. Na huko nyuma kabisa kati ya maboksi, Ruqaiya, binti wa Hafiz, alikuwa anahesabu glavu kwa kunong'ona: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, woi nimepotea, moja, mbili. Miaka sita Wamalwa hajasikia mtu akinong'ona. Alikuwa amesahau kwamba watu huwa na kasauti kengine ka ndani.

"Mzee, uko sawa?" Hafiz akamuuliza. "Macho yamekuwaje?"

"Ni vumbi."

"Ndani ya duka?"

"Duka lako ni chafu, Hafiz."

Alichukua zote tatu, lakini unajua vile mtu akienda kuona viwanja vitatu na tayari ameshajenga nyumba kwa kimoja. Nyeusi alikuwa ameshahamia.

Jumanne asubuhi walienda kupima. Ile brown ilijimaliza yenyewe, Hafiz alisema ukweli: Kimutai alilaza shavu kwa bunduki, kikombe kikaruka kama kifuniko cha sufuria. Wakajaribu nyeusi. Kimutai alipiga risasi arobaini za bunduki ndefu chini ya mabati, akaivua, akatingisha kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Mzee, hii kitu inaongea poa, lakini haizuii. Masikio zangu zinalia."

"Zinalia aje?"

"Kama nyuki wako ndani ya debe."

"Utazoea," Wamalwa akasema.

Neno lilitoka lenyewe. Akasimama pale, mkono umeshika kalamu, akimwona Kamande na kofia yake nyekundu, akisema hilo neno kwa sauti hiyohiyo. Kisha akafungua kitabu chake cha mazoezi na kuandika: Nyeusi, nzuri sana, sauti safi. Kuhusu nyuki hakuandika kitu.

Siku hiyo range ilifungwa mchana, akaenda na ile nyeusi nyumbani kwake mtaa wa Shabab. Mke wake, Edinah, alimkuta mezani akisubiri ugali amevaa headset ya komando, kofia ameweka kando, amekaa wima kama rubani aliyekosa ndege. Edinah aliweka sahani. Wamalwa akasikia sahani ikigusa meza. Akasikia kijiko. Akasikia Edinah akifyonza meno, na hiyo, kusema kweli, angeweza kuishi bila. Halafu kutoka jikoni akasikia: to. To. To.

"Mama Bravin," akasema, amefurahi kama amegundua mafuta. "Mfereji unavuja!"

Edinah akasimama na mwiko mkononi. "Baba Bravin. Nimekuambia huo mfereji tangu Disemba. Ukaingia jikoni, ukasimama hapo, ukaniambia hakuna kitu. Nikafikiri unanidharau."

Wamalwa akasukuma sahani kando.

"Vua hiyo kitu."

Akavua. Dunia ikarudi kwa pamba yake, na nyenje. Edinah alisogea upande wa kushoto, akasema kitu. Wamalwa aliona mdomo ukisogea akachelewa kuushika.

"Sawa kabisa," akasema.

Edinah akazunguka meza polepole, akainama, akashika sikio lake la kulia kama mtu anashika simu, na kuongea ndani yake.

"Nimesema, kama husikii mfereji, utasikiaje mtu akikuita huko kwa bunduki?"

Ugali ulipoa. Alikula hivyohivyo.

Kesho yake ndiyo siku ambayo Wamalwa hapendi kuikumbuka. Alikuwa amevaa ya kijani, volume mwisho, akipima kwa wanachama. Ilikuwa inamlinda vizuri sana. Milio ilikuwa kama mtu anagonga mlango wa jirani. Shida ni kwamba na watu pia walikuwa kama majirani. Alisimama karibu na lane ya pili, amefurahi kwamba kila kitu kimetulia, wakati lane ya sita, kushoto kwake, bastola ya Winrose ilikwama.

Winrose ni mfamasia wa town, mwanachama mpya, mtu wa kufuata sheria. Alifanya vile alivyofundishwa. Aliweka kidole nje, akaita, "Stoppage!" Hakuna mtu. Akaita tena. Hakuna mtu. Akaita mara ya tatu, na hapo akafanya kosa ambalo binadamu yeyote hufanya akiita na asijibiwe: akageuka kuangalia kwa nini. Mikono ikageuka naye. Bastola ikageuka na mikono.

Wamalwa aliona tu Kimutai akimpita mbio kama ng'ombe ameona simba, earmuff yake ya zamani ikiwa imekaa upande, akaushika mkono wa Winrose, akaukandamiza chini. Mdomo wa bastola ulikuwa umeangalia figo za Wamalwa. Kuna mtu alikuwa ameita cease fire. Kila mtu alikuwa ameweka bunduki chini. Filimbi ilikuwa kwa kifua cha Wamalwa, kavu.

Winrose alikuja mbele yake, mdomo ukienda haraka, haraka sana kwa Wamalwa kuusoma. Na hapa, jameni, hapa ndipo ile mbinu ya miaka yote ilimuuza.

"Sawa kabisa, madam," akamwambia, na kutabasamu.

Laini yote ilimwangalia.

"Ni betri!" Kimutai akaingilia, anahema. "Ni hiyo headset ya kijani. Iko kwa test, betri inakatikakatika. Mzee hangeweza kusikia. Pole madam. Pole sana." Na Cherop alipotoka ofisini kuuliza kumetokea nini, Kimutai akarudia hivyohivyo, bila hata kupepesa macho: betri.

Unaona vile mambo yalijipanga. Kijani imepewa kesi ambayo si yake. Nyeusi iko kwa kitabu na maksi nzuri. Wamalwa angeandika neno moja tu, nyeusi, na Jumatatu angesimama nyuma ya rangers ishirini akisikia mpaka wakimeza mate. Kofia ingebaki kichwani. Bravin angebaki shuleni. Hakuna mtu angejua, na masikio ya wengine, eeh, hayo yangejua baadaye.

Alhamisi hakukuwa na wanachama. Alijifungia store kupanga target, amevaa nyeusi, kwa sababu sasa alikuwa anaivaa hata bila sababu, kama mtoto na viatu vipya. Nje ya ukuta wa mbao, Jamleck alikuwa anamwaga maji ya vyombo, na Kimutai alikuwa naye.

"Betri gani, wewe?" Jamleck alikuwa anasema. "Huyo mzee ni kiziwi. Mimi nilijua tangu shangazi."

"Ongea pole pole."

"Pole pole ya nini na hasikii?"

Kimutai akacheka kidogo, cheko la pua. "Wachana na yeye. Mi ndio husikia za kwake."

"Aje?"

"Si mi hukaa kushoto kwake. Naacha dirisha. Mtu akiita, mi ndio namguza bega, ama naita mwenyewe, anadhani amesikia. Mwaka mzima sasa. Jana nilikuwa mbali kidogo, ndio unaona."

"Na hiyo dirisha haikumalizi?"

"Nyuki wako tangu Disemba. Juzi na hiyo black walizidi, hadi sasa hawajatoka. Usiku natega redio chini ya mto ndio nisiwasikie."

"Kimutai, mwambie madam. Utakuwa kama yeye."

"Nimwambie nini? Huyo mzee ndio alinishikisha bunduki mara ya kwanza. Na ako na mtoto shule." Maji yakamwagika. "Si atastaafu tu siku moja."

Wamalwa alikaa juu ya boksi la target. Mwaka mzima alikuwa akijisifu kimoyomoyo kwamba bado yuko sharp, kwamba hata na sikio moja hajakosa mtu akiita. Kumbe kila mara bega lilikuwa limeguswa. Aliwaza mikono ile myembamba ikivuta kikombe cha kushoto nyuma, kila asubuhi, kwa sababu yake. Na hata hakumwambia aache. Alikuwa akimwona na dirisha wazi na kufikiri, huyu kijana sasa ni wa kazi.

Aliivua ile nyeusi. Alizima kaswichi kwanza, kwa adabu, kama mtu anamfunga macho marehemu.

Ijumaa asubuhi Cherop alikuwa na kalamu tayari.

"Haya, Wamalwa. Hafiz anangoja simu. Ni gani?"

"Kijani."

"Kijani?" Cherop akaangalia kitabu cha mazoezi. "Hapa umeandika nyeusi nzuri sana. Na kijani si ndiyo betri ilisumbua mpaka mwanachama akageuka na bastola?"

"Betri ilikuwa sawa, madam. Ni mimi sikumsikia. Ameita mara tatu, na mimi sikusikia hata moja." Alikuwa amejipanga kuongea polepole lakini maneno yalitoka yote pamoja, kama watu wa kanisa mvua ikianza. "Nyeusi nimeipenda kwa sababu sisikii. Mtu mwenye masikio mazima akiivaa mwezi mmoja chini ya mabati itammaliza. Nunua kijani. Na vile vya sponji vya ndani, vya kila mtu. Na Kimutai apelekwe akaangaliwe masikio leo, si kesho. Yake imeanza. Imeanza kwa sababu yangu."

Cherop akasimama. Alitembea mpaka dirishani, lile la kweli, la vioo, likawa upande wa kushoto wa Wamalwa, akasema kitu akiangalia nje.

Lile neno, sawa kabisa, lilikuwa tayari kwa ulimi. Lilikuwa limevaa na viatu. Wamalwa akalimeza.

"Umesema?"

Cherop akageuka. Akarudia, kwa sauti ambayo Jamleck aliisikia kantini na kuacha kuosha kikombe.

"Nimesema weka kofia na filimbi hapo kwa meza!"

Akaviweka. Filimbi ilikuwa na alama za meno yake.

"Tangu lini?" Cherop akauliza, sasa amekuja mbele, akiongea na mdomo wote.

"Nyenje, miaka kumi. Kushoto kuisha kabisa, kama mitatu hivi."

"Miaka mitatu. Wamalwa. Miaka mitatu watu wangu wamesimama mbele yako na bunduki." Alikaa chini. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Utaenda hospitali upimwe. Saa hii utakaa kwa meza ya vifaa. Kama utarudi kwa laini, sijui. Sitakudanganya. Kama klabu itakuweka hata hapo kwa meza, pia sijui."

Edinah aliposikia, hakulia wala hakugomba. Alimuuliza tu, upande wa kulia, "Na ada ya Bravin?" Jumamosi Wamalwa alishinda chini ya sinki la jikoni na spana. Akimaliza alikuwa anaweka kidole chini ya mfereji na kungoja, dakika nzima, kuhakikisha hakuna tone.

Jumatatu rangers walifika, ishirini, wamenyooka kama penseli mpya. Wamalwa alikuwa nyuma ya meza na maboksi ya Hafiz. Kila mmoja alimpa sponji mbili na headset ya kijani, akamwonyesha namna ya kusokota sponji na kuvuta sikio juu ndipo iingie, akapitisha kidole kuzunguka kikombe kuona kama mguu wa miwani umeacha nafasi. Alikuwa mkali. Mmoja akamnong'onezea mwenzake kitu wakacheka, na Wamalwa hakucheka nao.

Kimutai alikuwa nyuma ya wapigaji, kofia nyekundu ikimzidi kichwa. Hawakuwa wameongea tangu Ijumaa. Hospitali walikuwa wamemwambia upande wa kushoto umeshuka kiasi, na kile kilichoenda hakirudi, alinde kilichobaki. Alikuwa amempita Wamalwa asubuhi bila salamu, kijana ambaye husalimia hata mbuzi.

Ranger mmoja wa lane ya sita aliinua mkono, akauliza kitu. Na Kimutai, kwa mazoea tu, mkono wake wa kushoto ukapanda, ukashika kikombe cha kijani, ukaanza kukivuta nyuma ya sikio.

Wamalwa alitoka kwa meza. Alivuka ile laini nyeupe iliyochorwa nyuma ya wapigaji, ambayo hakuruhusiwa tena kuivuka, mbele ya rangers wote, akaushika ule mkono, akauteremsha. Kisha akakibonyeza kikombe mahali pake kwa kiganja, akakishikilia, mpaka akahisi mto umekaa.

Kimutai hakumwangalia. Alisema kitu, maneno machache, mdomo haukufunguka vizuri.

"Umesema?" Wamalwa akauliza.

Kimutai aligeukia laini, filimbi mdomoni, kama sheria inavyotaka mtu akivuka. Wamalwa aliona mashavu yake yakifura, na bunduki zote ishirini zikashuka pamoja, na hapo ndipo alipojua kwamba filimbi imelia.